Suruali Mbili, Mashati Matatu na Koti Lililogeuzwa

Mwaka jana binti yangu alikuja likizo kutoka Mwanza, akafungua kabati langu kutafuta taulo, kisha akapiga kelele: "Mama! Baba ameibiwa?" Mama yake akamjibu kutoka jikoni kwamba sijaibiwa, ndivyo nilivyo tangu anifahamu. Ndani ya kabati mlikuwa na suruali tatu, mashati matano, koti moja, na nafasi ya kutosha kumlaza mgeni. Binti akakaa kitandani na kunionyesha kwenye simu yake kijana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa, akieleza kwamba mwanaume anahitaji nguo chache tu, ilimradi kila moja ikubaliane na nyingine zote. "Kumbe baba ni mtu wa fasheni," akasema. "Ulisomea wapi haya?"

Chuo kikuu nilikaa miaka mitatu na hawakunifundisha. Nilifundishwa Buhare, pembeni ya mji wa Musoma, na mama mmoja mwenye cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Nilikwenda kwake kwa sababu nilitaka kuoa, na baba wa msichana alikuwa amenikataa kwa kosa la kuvaa vizuri.

Miaka ile dukani hapakuwa na kitu. Mkoa wetu ulilima pamba, tukaichuma, tukaipanga kwenye magunia, tukaipeleka kwenye mizani, kisha tukarudi nyumbani tukiwa na matundu kwenye viwiko. Sabuni ilipoadimika tulifua kwa majani ya mpapai, na mashati yetu meupe yakapata rangi ambayo mpaka leo sijaipatia jina. Butiama, nilikozaliwa, duka la kijiji likiletewa kitambaa liliteremshiwa cha aina moja, na kila nyumba ikakatiwa kipande chake. Kuna Jumapili tulisimama kanisani wanaume wote na mashati ya kaki yaliyotoka jora moja, mhubiri akatutazama kama mtu aliyealikwa kukagua gwaride. Nguo za mitumba tuliziita kafa ulaya, kwa imani kwamba wenyewe walikuwa wameshazikwa, na hizo nazo zilipatikana kwa kunong'onezana.

Nilikuwa mwalimu mpya wa sekondari Musoma. Kutoka Dar es Salaam nilikuwa nimerudi na shahada ya uchumi na bugaluu mbili, moja ya kijivu na nyingine ya kahawia, pana chini kiasi kwamba upepo wa ziwani ukivuma suruali ilifika kazini kabla yangu. Nilikuwa pia na shati la maua makubwa mekundu, shati jeupe ambalo kola yake ilikuwa imelika mpaka ikatoa nyuzi, na shati la kaki la kijiji. Insha yangu ya mwisho chuoni ilihusu uhaba wa bidhaa. Niliiandika nikiwa nimekalia uhaba wenyewe, maana bugaluu ya kijivu ilikuwa imetoboka makalioni.

Msichana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bunda. Tulikutana kwenye semina ya walimu, akanirekebisha mbele ya watu, nami nikampenda hapo hapo. Baba yake alikuwa mfugaji wa Mugeta. Mwaka ulipopita tukakubaliana niende nikajitambulishe.

Kwetu kijana haendi kujieleza mwenyewe. Anafuatana na mzee wa ukoo wake, na mzee ndiye asemaye. Kijana anakaa kimya, anatazamwa. Nikapiga hesabu zangu za kisomi: kama kazi yangu siku hiyo ni kutazamwa, basi nitazamike. Nilikuwa na rafiki tangu shuleni aliyefanya shughuli upande wa Sirari, mpakani na Kenya. Sikuwahi kumuuliza ni shughuli gani, naye aliheshimu sana urafiki wa namna hiyo. Akaniazima suti ya safari ya rangi ya krimu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani, pamoja na viatu vya raizoni vyenye soli nene kama matofali, na saa.

Wa kunisemea alikuwa baba mdogo. Alitoka Butiama, tukakutana stendi ya Bunda. Alinizunguka mara moja, kama anayekagua ndama mnadani.

"Hizi umetoa wapi?"

"Nimeazimwa, baba."

"Mwenyewe anajua?"

"Anajua."

"Na polisi wanajua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kilikuwa kipindi cha msako wa walanguzi, watu wanatupa vitenge vipya chooni wakisikia gari limesimama nje, na mimi nilikuwa nakwenda kuposa nimevaa ushahidi.

Mzee wa Mugeta alikuwa mrefu, mkavu, aliyewahi kuwa askari wa mfalme wa Uingereza mpaka Burma, na jicho lake lilikuwa bado kazini. Tulimwamkia, tukapewa vigoda nje ya nyumba, jirani na zizi. Baba mdogo akaanza kusema, na alisema vizuri, akataja ukoo wetu mpaka alipofika kwa watu ambao hata mimi sikuwajua. Mzee hakumsikiliza. Alianza na soli za viatu vyangu, akapanda polepole mpaka kwenye kola, akashuka tena mpaka kwenye saa.

"Kijana, kazi yako nini?"

"Mwalimu, mzee."

"Walimu wa Musoma wanavaaga hivi wote?"

"Hapana, mzee."

"Ila wewe."

Nikaangalia chini. Ningeweza kusema pale pale kwamba nguo si zangu. Lakini akina mama walikuwa wamesimama mlangoni mwa jiko, na msichana wangu yuko katikati yao, na sikuwa na ujasiri wa kuvuliwa nguo kwa maneno mbele ya watu wote wale.

"Binti yangu naye mwalimu," mzee akasema. "Ana gauni mbili. Anafundisha vibaya?"

"Hapana, mzee."

"Mimi ng'ombe zangu najua kila mmoja alikotoka. Wewe nakuuliza habari ya shati tu, unaangalia chini." Akamgeukia baba mdogo. "Ndugu yangu, umesema vizuri. Lakini sitaki mtoto wangu awe mtu wa kupeleka uji mahabusu."

Tukaletewa maziwa, tukanywa, tukaaga. Tulirudi mpaka tulipoyaona mabati ya Bunda. Hapo baba mdogo akasema, "Ungekuja uchi tungekuwa na pa kuanzia."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bunda kumwona msichana. Nilimkuta anasahihisha madaftari, na hakunyanyua kichwa.

"Umenitia aibu."

"Nilitaka nipendeze."

"Umpendeze nani? Baba amesema utakuja mara moja nyingine tu, pamba ikishauzwa. Ukija tena na nguo za watu, usivuke lango. Na ujue yupo karani wa kununua pamba, shangazi anamtaka huyo."

"Sasa nivae nini? Nguo zangu hazitazamiki."

Hapo ndipo aliponitazama. "Mimi nimezitazama mwaka mzima. Nimekufa?"

Mwalimu mwenzangu ndiye aliyenielekeza kwa mama fundi wa Buhare. Alikuwa mjane, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alishona barazani kwake akiwa amezungukwa na kuku. Nilimweleza shida yangu yote, kwa sababu alikuwa na namna ya kukaa kimya mpaka unamaliza. Akaniambia nimletee kila nguo niliyonayo. Nikaleta kwenye kikapu kimoja, na kikapu hakikujaa. Akazimwaga kwenye mkeka.

"Hii shati ya maua unavaaga na nini?"

"Na hiyo bugaluu ya kahawia."

"Na ya kijivu je?"

"Hapana, haiendi."

"Na hii nyeupe, na ya kahawia?"

"Hapana, nyeupe ni ya kijivu."

Akavua miwani. "Mwalimu, hapa una mke na mume, na mke na mume mwingine. Mmoja akiugua, mwenzake anakaa nyumbani. Mimi nataka ukoo. Nguo yoyote ikitoka, itoke na mwenzake yeyote."

Akafanya kazi. Bugaluu zote mbili alizibana, zikawa suruali za mtu mwenye akili, na kile kitambaa kilichobaki miguuni kikapanda juu kuziba tundu la makalioni kwa ndani, kikatoa na mifuko mipya. Shati jeupe aliling'oa kola, akaigeuza, upande uliolika ukaenda chini na uliofichwa ukaja juu. Ukilitazama ungesema limetoka dukani, kama ungekumbuka duka linafananaje. La kaki akalipunguza mabega. Kisha akaniuliza kama nina shuka la bluu.

"Ninalo. Ndilo ninalolalia."

"Utalalia mkeka. Unataka shuka au unataka mke?"

Hivyo likapatikana shati la tatu, la bluu ya mawingu. Akazipanga kwenye mkeka, suruali mbili chini, mashati matatu juu, akawa anazihamisha kwa kidole. Kijivu na nyeupe, kijivu na bluu, kijivu na kaki. Kahawia na nyeupe, kahawia na bluu, kahawia na kaki. "Mara sita. Mwanafunzi wako akianza kukuhesabu, wiki inaisha bado hajakukamata." Mimi mwenye shahada ya uchumi nilikuwa nimeishi miaka mitatu nikidhani utajiri ni kuongeza. Mama huyu wa darasa la nne alichukua nguo tano na shuka, akapunguza, nikawa na nguo nyingi.

Naomba nikiri jambo hapa. Miaka michache baadaye milango ya biashara ilipofunguliwa na mitumba ikamwagwa sokoni hadharani, nilipoteza akili. Kwa wiki moja nilinunua mashati kumi na moja. Moja lilikuwa na picha ya mtu anateleza kwenye theluji. Hakuna hata moja lililosikilizana na suruali yoyote, nami nilianza tena kusimama asubuhi mbele ya kamba ya nguo nikiwa sina cha kuvaa. Nilipompelekea mama fundi ayapunguze, alinitazama kama mganga anavyomtazama mgonjwa aliyetupa dawa. Aliyakata yakawa foronya za mito ya viti.

Turudi Buhare. Zikiwa zimebaki wiki tatu nirudi Mugeta, mama fundi alisema bado koti.

"Lazima?"

"Ukienda kuposa na shati tupu watajua umetumwa na serikali kuhesabu mifugo."

Nilimwandikia baba mdogo. Akaniletea koti la marehemu baba. Baba alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo na hakuwa na koti jingine. Alilivaa kortini na kanisani, akitembea kwa miguu, na jua la njiani lilikuwa limelichuja mabegani na mgongoni mpaka likawa na rangi ya majivu. Nilipoliona nilikata tamaa. Mama fundi hakukata. Alichukua wembe, akafungua mshono mmoja wa mkono, akakikunjua kitambaa. Kwa ndani ilikuwa bluu iliyoiva, nzito, haijawahi kuona jua tangu siku ilipofumwa.

Kugeuza koti si kazi ya mzaha. Linafumuliwa lote mpaka liwe vipande, kila kipande kinageuzwa, upande wa ndani unakuwa wa nje, kisha linaungwa upya. Nilikaa naye alasiri nyingi nikivuta nyuzi, madaftari ya wanafunzi yakingoja. Mara nyingine nilikuta kwenye mshono vumbi jekundu la barabara ya Butiama, nikalipuliza, nikajifanya limeniingia jichoni. Mama fundi alikuwa mtu mzima. Aliendelea kuzungusha cherehani. Bitana ilikuwa imechanika, na kitambaa kingine hakikuwepo, kwa hiyo shati la maua mekundu likapata kazi yake ya mwisho. "Huko ndani hakuna atakayeliona," akasema.

Koti lilipokamilika nililivaa nikasimama mbele ya kioo chake kidogo. Lilinikaa kama nimepimiwa. Kisha nikaona.

"Mama, mfuko wa kifuani uko kulia."

"Najua. Kitu kikigeuzwa, kushoto inakuwa kulia. Matundu ya vifungo nimeyaziba nikatoboa upande mwingine. Mfuko nikiuziba utaacha kovu."

"Watanicheka."

"Wacheke. Mtu akicheka hajafukuza. Ukiona wanaangalia sana, tia kalamu."

Pamba ikauzwa. Tukarudi Mugeta, mimi na baba mdogo, na nilikuwa nimevaa suruali ya kijivu, shati jeupe, koti, na viatu vyangu mwenyewe vilivyotiwa soli ya tairi. Kalamu niliitia tangu Musoma. Tukawekwa kwenye vigoda vilevile. Baba mdogo akaanza upya na ukoo wetu, na mzee akaanza upya na viatu vyangu. Akapanda. Alipofika kifuani akasimama.

"Ndugu yangu, nyamaza kidogo," akamwambia baba mdogo. Kisha kwangu: "Njoo hapa. Hiyo kalamu toa."

Nikaitoa.

"Hii koti imegeuzwa."

"Ndiyo, mzee."

"Ya nani?"

"Ya marehemu baba yangu."

"Vua."

Nikavua. Alilishika kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba juu ya mishono, begani, kwapani, kwenye kola, polepole, kama mtu anayesoma barua. Kisha akalifungua, maua mekundu yakatokeza mbele ya ukoo mzima. Mlangoni mwa jiko kikalipuka kicheko, na ndani yake kulikuwa na kimoja nilichokijua.

"Na haya?"

"Ilikuwa shati yangu, mzee."

"Wewe ulikuwa unavaaga hii?"

"Nilikuwa chuo kikuu, mzee."

Mzee akainama. Nilidhani amekasirika mpaka nilipoona mabega yanatikisika. Baba mdogo naye akashindwa, akaziba mdomo kwa kofia. Mimi nilisimama katikati yao na shati langu lenye kola ya kugeuzwa, na kwa mara ya kwanza pale Mugeta sikuwa na kitu cha kuficha, kwa hiyo nikasema.

"Mzee, ile suti ya siku ile ilikuwa ya kuazima. Viatu pia. Na saa."

"Mbona hukusema nilipokuuliza?"

"Niliogopa nikisema nitamkosa."

"Ukanyamaza, ukamkosa." Akafuta macho. "Burma huko tulikuwa na fundi mmoja, Mnyasa. Alikuwa anageuzaga koti za maofisa. Sisi tukiona mfuko uko kulia, tunajua huyu bwana anatunza. Tulikuwa tunamtembelea yeye kuomba sigara, wale wa koti mpya walikuwa hawana hata kiberiti." Akalikunja koti langu, akanirudishia. "Nani amefanya hii?"

"Mama mmoja wa Buhare, mzee."

"Anajua kazi."

Akainuka, akaingia ndani. Tulisubiri. Baba mdogo alitazama zizi, mimi nikatazama vidole vya miguu yake, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kutazama jikoni. Mzee akarudi amebeba koti kubwa la kijeshi, la kijani lililokuwa limegeuka manjano, zito kama mtoto aliyelala. Akaliweka mikononi mwangu, si mikononi mwa baba mdogo.

"Mwambie afanye kama hiyo yako. Vifungo asiguse, ni vya mfalme."

"Ndiyo, mzee. Niilete lini?"

Akamtazama baba mdogo, maana jibu hili halikuwa la kupewa kijana. "Ataileta siku mtakapokuja na wazee wenu kuzungumza ng'ombe."

Baba mdogo, ambaye siku nzima alikuwa hajapata nafasi ya kumaliza sentensi, aliinamisha kichwa. Jikoni mtu akaangusha sufuria, na mpaka leo mke wangu anasema haikuwa yeye.

Nimeshukuru watu wengi katika maisha yangu, walimu, madaktari, dereva mmoja aliyenirudishia mkoba. Lakini nikiulizwa nani alinipa nyumba, watoto na mtu wa kunirekebisha mbele ya watu kwa miaka yote hii, namwona yule mama na kuku wake. Nilipofika Buhare jioni ile nilimkuta anafunika cherehani. Nikamwekea koti la mzee mapajani. Akalinusa, likampiga kwa harufu ya moshi na ng'ombe, akaligeuza mbele na nyuma, akapima kwapa kwa kiganja, akanitazama juu ya miwani.

"Na huyu naye anaposa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Huyu ni baba mkwe wangu."

Akaondoa kifuniko kwenye cherehani.